Ya Pili Zima

Kama ulikuwa na shida ya kompyuta katika ile maabara ya magonjwa ya mifugo, chuoni hapa Eldoret, uliambiwa mambo mawili kabla ya kuonyeshwa chumba cha seva. La kwanza, bisha hodi. La pili, ukishabisha, rudi nyuma kidogo. Mlango wenyewe ulikuwa wa chuma, na juu yake palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE KITU. HATA WEWE. Aliyeiandika ni Priscah Jerop, msimamizi wa seva, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo "hata wewe" lilimlenga nani. Kila aliyelisoma aliamini ni yeye.

Priscah alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Sauti hiyo aliitoa kwao Kapseret, ambako baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa na hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumtuma malishoni. Tangu utotoni alizoea kuingia zizini kabla ya mtu mwingine kuamka na kumpapasa kila ng'ombe ubavuni, ajue ameamkaje. Chuoni alianza kwa kupokea simu pale mapokezi. Akasomea kompyuta jioni, akapanda polepole, na siku alipokabidhiwa chumba cha seva alikuta tabia yake ya zizini inamfaa vilevile. Kila asubuhi alizipitia mashine zake akiziwekea kiganja, akisikiliza zinavyopumua. Iliyochemka aliisemesha kwa upole ambao hakuna binadamu pale maabara aliyewahi kuupata kutoka kwake.

Binadamu walipata mengine. Mhadhiri mmoja aliwahi kuchomeka chaja ya simu kwenye soketi ya seva, akatoka kidogo kwenda msalani. Aliporudi alikuta chaja imekatwa vipande kwa koleo na kupangwa vizuri juu ya kiti, kama nyama ya kuuzwa. Mwanafunzi akija kuomba nafasi ya kuhifadhi kazi yake, Priscah alimwangalia kuanzia viatu. "Nafasi? Kwani hapa ni lojing'i?" Hakuolewa, na waliomuuliza kwa nini hawakurudia kuuliza.

Mtu mmoja tu aliingia chumba kile bila kutetemeka, naye ni Daktari Aloo, mtafiti wa ugonjwa wa ndigana, ule unaoletwa na kupe na kumaliza ndama. Aloo alikuwa amezunguka maboma ya Uasin Gishu na Nandi misimu kadhaa, kwenye matope na kwenye vumbi, akitoa damu ya ndama na kuwafuatilia mmoja mmoja hadi wapone au wafe. Priscah alimpenda. Hakumwambia, maana hakuwa na maneno ya kazi hiyo, ila alimpa nafasi kubwa kuliko wote na kuwafukuza waliolalamika. Mwanamke anayeingia zizini mwenyewe na kutoka na mavi kwenye gumboti, huyo ni mtu, alisema.

Seva zilikuwa nyingi, lakini zilizoibeba maabara ni mbili. Ya kwanza ilitunza nakala za kila kitu. Ya pili ndiyo iliyopiga hesabu nzito. Nakala nyingine, ya kuwekwa mbali na jengo lile, ilikuwa imezungumzwa katika mikutano mingi, kukiwa na chai na mandazi.

Sasa tuje kwa Mbuthia.

Mbuthia ndiye aliyesimamia mtandao: nyaya zote, swichi zake, na umeme uliozilisha mashine, pamoja na zile betri kubwa za kushikilia stima inapopotea. Betri hizo hazikukaa kwa Priscah. Zilikaa chini ya jengo la pili, ng'ambo ya uwanja, katika chumba ambacho kila seva ilikuwa na swichi yake ukutani. Kwa maneno mengine, mashine zilikuwa za mwanamke huyu, na chakula chao kilikuwa mkononi mwa mwanamume yule. Aliyepanga hivyo hakuwahi kufuga fahali. Fahali wawili hawakai zizi moja, hata mmoja akiwa amevaa sketi.

Mbuthia alikuwa mtu wa Yamumbi, mrefu, mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni, mkaidi kuliko punda wa kuteka maji. Swali ulilomuuliza alilitafuna kwanza. Na hapa Eldoret, mtu wa Kapseret akinuniana na mtu wa Yamumbi, wapo wanaokimbilia kuwahesabia makabila na kukumbushana mambo ya miaka ile mibaya ya vurugu za uchaguzi. Wasijisumbue. Hawa wawili walichukiana kwa bidii yao wenyewe, na kisa kilikuwa mursik, yale maziwa ya mgando ya Kikalenjin.

Mpwa wa Priscah alikuwa anachumbiwa, wageni wanakuja, na mama yake Priscah alikuwa ametengeneza mursik ya kuwapokea, imekaa vizuri kwenye kibuyu. Priscah aliibeba kutoka nyumbani aipitishe kwa dada yake jioni. Na mahali penye baridi ya kuaminika pale chuoni palikuwa pamoja tu, chumba cha seva. Akakiegemeza kibuyu pembeni, nyuma ya mashine, akakifunika kwa leso. Mbuthia akaingia kukagua waya, akakiona. Mtu mwingine angesema, "Mama, maziwa yako yatamwagikia umeme," na yangeisha. Mbuthia alikwenda ofisini kwake akamwandikia Profesa Zachariah, mkuu wa maabara, kwamba kuna kibuyu chenye kitu kinachonuka karibu na vifaa vya umeme.

Kwa haki, maziwa na umeme havikai pamoja, hata mtoto anajua. Priscah alipewa onyo, na onyo angelimeza. Kilichomkwama ni lile neno. Kinachonuka! Maziwa ya mama yake, yaliyotiwa mkaa wa mti wa senetwet kwa mkono wake mzee, yananuka? Mbuthia angeandika "kinachonukia," pengine leo wangekuwa wanakunywa chai pamoja. Hakuandika hivyo. Tangu siku hiyo Priscah hakumtolea hata salamu, na Mbuthia, naye ana kichwa chake, hakuiomba.

Kazi iliendelea kupitia grupu ya WhatsApp iliyoitwa Mitambo, ambamo Profesa pia alikuwemo ingawa hakusoma. Humo Priscah alituma amri tupu. Washa. Toa hiyo. Rudisha waya wa jana. Mbuthia alijibu "Sawa," na akafanya. Miaka ikapita hivyo, mtandao ukaenda, na wageni wakasifu jinsi kitengo kile kilivyokuwa kimya.

Kisha Profesa akawaita wafanyakazi wote na kutangaza kwamba seva na mtandao vitaunganishwa, viwe kitengo kimoja chini ya mtu mmoja. Mmoja wao atabaki. Mwingine atarudishwa ofisi kuu akangoje kupangiwa kazi, na kila mtu alijua maana yake ni kupewa kiti kando ya dirisha na kuulizwa kila siku kama umeshakunywa chai. Alisema ataamua mwisho wa muhula. Priscah alitoka mkutanoni moja kwa moja hadi chumbani kwake, akajifungia, akaweka mikono yote miwili juu ya seva ya pili. Hofu aliyoisikia hakuwahi kuisikia hata siku baba yake alipozikwa. Chumba kile ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hakukirithi wala hakupewa kwa huruma. Na sasa aende akakalie kiti, huyu wa kalamu tatu aingie humu na kuzishika?

"Atashika mimi nikiwa nimekufa," alisema kwa sauti. Mashine haikumpinga.

Tangu hapo kila mmoja alimvizia mwenzake akosee. Priscah alisimama mlangoni kumhesabia Mbuthia kila kebo iliyolegea. Mbuthia alipita na kipimajoto chake, akaandika kwenye grupu kwamba chumba cha seva kimepanda joto, na Priscah akajibu kwamba joto limeingia na yeye. Dkt. Aloo, aliyeogopa kelele, alipita katikati yao na chupa yake ya chai akimwomba Mungu hesabu zake ziishe salama. Seva ya pili ilikuwa imeanza kuchambua damu yote aliyoikusanya, ndama wote, misimu yote. Hii ndiyo kazi ambayo angesimama nayo mbele ya watu, na maboma yangepata jibu la kwa nini ndama wa huku anapona na wa kule anakufa. "Mama Priscah," alimwambia siku moja, "hii ikipotea mimi siwezi kurudia. Ndama wengi walishakufa, wengine wameuzwa. Nakuambia wewe peke yako, hata Profesa hajui." Priscah alimwambia aende akalale. Juu ya mashine yake hakuna kitu kinachopotea.

Mvua ya mawe ilishuka mchana, vile inavyoshuka Eldoret, bila kubisha. Jua lilikuwa bado upande mmoja wa uwanja wakati upande mwingine ulipogeuka mweupe. Radi ikapiga karibu sana, vioo vikalia madirishani, na stima ikapotea. Betri zikashika. Jenereta ilijaribiwa ikakohoa, ikakataa, na fundi wake hakuthubutu kutoka nje kwenye yale mawe. Profesa alikuwa mjini kwenye mkutano. Mbuthia alishuka mbio kwenye chumba cha betri, Priscah akakimbilia kwa mashine zake, na kati yao pakabaki uwanja ambao mtu hangeuvuka bila kupasuliwa kichwa.

Alipofungua mlango tu alisikia harufu ya plastiki iliyoungua. Seva ya kwanza ilikuwa imenyamaza. Aliiwekea kiganja na kukitoa haraka kwa moto. Akajaribu kuiwasha, akajaribu tena, akaitukana kwa Kikalenjin, akaibembeleza, bure. Nakala zote zilikuwa humo. Akageukia ya pili, na moyo wake ukarudi mahali pake. Taa zake ziliwaka kijani, ilipumua sawasawa, na hesabu za Aloo zilikuwa zinaendelea kana kwamba huko nje hakuna neno. Tena kwa kuwa ya kwanza haikula tena umeme, betri zingeitosha hii moja mpaka jenereta ipatikane.

Simu ikatetemeka mkononi. Ni kwenye grupu, Mbuthia anauliza: "Hali?"

Akaandika haraka, kidole kimoja, jicho likiwa kwenye mashine: "Ya kwanza imekufa. Ya pili zima."

Likaja jibu: "Una uhakika?"

Damu ilimpanda Priscah mpaka masikioni. Yaani radi imepiga, mashine imemfia mikononi, na huyu mtu bado ana nafasi ya kumpima? Anamuuliza yeye, Jerop, kama ana uhakika kuhusu seva yake, aliyoishika kwa mkono wake sasa hivi? Hapo ndipo ubaya wa mtu unapoonekana, aliwaza, hata kwenye msiba atakuuliza kama una hakika marehemu ni wako. Akaandika: "Nikisema nimesema."

Akatia simu mfukoni na kuinama kutafuta diski ya pembeni, ahamishe angalau kazi ya Aloo kabla ya mengine. Alikuwa ameipata, ameshika waya wake, anautafutia tundu, aliposikia feni zinashuka sauti. Zikashuka, zikashuka, zikaisha. Taa za kijani zikazimika zote mara moja. Chumba ambacho hakikuwahi kunyamaza tangu akikabidhiwe kikanyamaza, na kilichobaki ni mawe kwenye mabati.

Stima iliporudi, seva ya pili iliwaka lakini haikujua jina lake. Ilikatwa katikati ya kuandika, na diski zake zilikuwa zimechanganyika kama mahindi yaliyomwagwa kwenye mchanga. Priscah alihangaika nayo hadi vidole vikamfa ganzi. Dkt. Aloo alikuja akasimama mlangoni. Alimtazama Priscah usoni, akaona, akageuka na kwenda kukaa kwenye ngazi, na hapo alilia kwa sauti ambayo watu wa ghorofa ya juu walidhani amepigiwa simu ya kifo.

Priscah aliisikia kila kwikwi. Uchungu wake akauangushia mahali alipozoea. Mbuthia alikuwa amesimama kwenye ukuta ule wa swichi na kuzima ya seva ya pili kwa mkono wake. Ameiua kwa makusudi, ili aseme msimamizi wa seva hana maana, abaki yeye. Aliliwaza hilo mara moja likawa kweli. Na ndani ya uchungu wake, tusimfiche, kulikuwa na kitu kidogo chenye ladha ya sukari: safari hii amejimaliza mwenyewe. Amekwisha. Chumba ni changu.

Profesa Zachariah aliitisha kikao ofisini kwake. Walikaa wanne, Profesa kwenye kiti chake, Dkt. Aloo kando ya dirisha, Priscah na Mbuthia pande mbili za meza. Aliwaambia waje na simu zao, waziweke mezani, wazionyeshe zile meseji. Mwenyewe alizisoma kwa sauti, miwani puani, moja moja. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Mbuthia, ni wewe ulizima?"

"Ni mimi, Profesa. Niliambiwa nizime."

"Nani alikuambia?" Priscah aliruka. "Profesa, muulize nani alimwambia!"

"Profesa, mwambie iko hapo imeandikwa," Mbuthia alisema akitazama ukuta. "Ya pili, zima."

"Ya pili zima! Iko zima! Haina shida! Profesa, huyu mtu alijua. Amekaa hii Uasin Gishu maisha yake yote, anajua vile tunaongea. Ukiulizwa ng'ombe iko aje, unasema iko zima. Mtoto iko zima. Nani hapa anasema nzima-nzima? Kwani tuko Mombasa?"

"Mwambie gari ni zima, hiyo sawa," Mbuthia alisema polepole. "Tunda, ni zima. Seva, ni nzima. Ingekuwa nzima ningeacha. Lakini zima, hivyo tu, peke yake, hiyo ni order."

"Na mimi naweza kumpa order azime seva yenye inafanya kazi?"

"Moja ilikuwa imekufa. Betri ilikuwa inaenda chini. Nikajua ameifunga vizuri huko ndani, sasa anataka nikate stima isiungue kama ile ingine. Mtu yeyote angefikiria hivyo." Akachukua simu yake, akapandisha grupu juu kwa kidole. "Na Profesa, tazama vile yeye huniandikia. Washa. Toa. Rudisha. Funga. Ondoa. Hajawahi kuniandikia tafadhali hata siku moja. Sasa nikiona zima, nijue aje hiyo moja siyo amri?"

Profesa alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka kwa pua, kisha akakumbuka nani ameketi dirishani na akanyamaza kwa aibu. "Kwa hivyo," alisema, "tumepoteza kazi ya Daktari kwa sababu ya N."

Priscah aliona uso wa Profesa unavyomwegemea yeye. Maana maneno ni maneno, lakini mkono ulioshika swichi ulikuwa mmoja, na mwenye mkono alikuwa amekiri. Akaamua kugongomea msumari.

"Profesa, mimi sitaki mambo mengi. Uliza tu huyu mtu, kama hakuelewa, si angeuliza? Hata mtoto wa nasari akikosa kuelewa huuliza mwalimu. Yeye ameandika ati una uhakika, ya kunidharau, halafu akazima. Hiyo ni roho mbaya. Na mtu wa roho mbaya hawezi kupewa mashine."

"Ni kweli hiyo," Profesa alisema taratibu. "Mbuthia, swali lako lilikuwa nusu swali."

Macho ya Dkt. Aloo yalikuwa mekundu na makavu. Akageuka kutoka dirishani.

"Na mimi niulize. Mbuthia, uliona kitu si ya kawaida, ndio ukauliza una uhakika. Akajibu hivyo alivyojibu. Kwa nini hukumpigia simu?"

Mbuthia aliangalia mikono yake. Alilitafuna swali kwa muda, kama kawaida yake.

"Nilipiga."

"Uongo!" Priscah alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwongo mkubwa! Simu nilikuwa nayo hapa, mfukoni, haikulia! Naapa mbele ya Mungu, na mama yangu yuko hai, hiyo simu haikulia!"

Hakudanganya. Simu haikulia, na alikuwa tayari kuapa hivyo kanisani na mahakamani. Alijaa furaha ya mtu aliyemshika mwizi na mfuko mkononi.

Mbuthia akamgeukia. Hakusema na Profesa tena, wala ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile barua yake kumwambia Priscah kitu uso kwa uso.

"Nilipiga, ikaita kidogo ikakata. Nikapiga tena ikakata. Nikapiga ya mwisho, ikakata. Nikajua umeona ni mimi, ndio unakata."

"Mbona hukusema haya yote tangu mwanzo?" Profesa aliuliza.

"Mtu akikukatia simu, Profesa, utaenda kutangazia watu?"

"Uongo," Priscah alirudia, lakini safari hii taratibu kidogo.

"Mpigie sasa," Dkt. Aloo alisema.

Simu ya Priscah ilikuwa mezani mbele ya wote, kioo juu. Mbuthia alibonyeza, akaweka sauti ya nje. Wakasikia ikiita mara moja, kisha ikakata. Simu ya Priscah ilikaa vilevile, nyeusi, haikuwaka wala kutikisika. Mbuthia akarudia. Ikawa hivyo hivyo.

"Pengine ni network," Profesa alisema.

Dkt. Aloo akatoa simu yake kwenye mkoba, akatafuta jina, akapiga. Simu ya Priscah ikawaka papo hapo, ikalia kwa nguvu, ikatembea yenyewe juu ya meza kwa kutetemeka.

Ndipo Priscah alipokumbuka. Alikuwa pale pale nje ya ofisi hii, ameshika barua yake ya onyo, machozi ya hasira yanamwasha, akatafuta namba ya Mbuthia na kuifungia isimfikie tena maishani. Kazi ya kidole kimoja. Grupu ikabeba mambo yote baada ya hapo, na yeye akasahau kabisa, vile mtu anavyosahau lango asilolipitia. Wala hakukosa usingizi kwa ajili yake. Mchana ule wa mawe, mtu mmoja ng'ambo ya uwanja alikuwa amesimama mbele ya swichi, mkono juu, akimpigia, akimpigia, akimpigia.

Simu iliendelea kulia. Dkt. Aloo hakuikata. Alikuwa ameiweka sikioni, macho kwa Priscah.

"Mama Priscah, shika simu."

Priscah akaishika, akaiweka sikioni. Sauti ya Aloo ikamjia mara mbili, moja kutoka dirishani na nyingine, iliyochelewa kidogo, ndani ya sikio lake.

"Ni wewe peke yako nilikuwa nimeambia siwezi kurudia," Aloo alisema. "Wewe peke yako."

Priscah kwa aibu akatafuta kiti nyuma yake na kukuta kiko sakafuni. Neno alilolitaka alilijua. Ni fupi, kila mtu analisema kila siku, hata kwa aliyejikwaa barabarani. Pole. Lilipanda hadi kooni likakaa hapo.

Profesa akanyoosha mkono. "Madam. Ufunguo."

Alitoa ufunguo wa chumba cha seva mfukoni mwa koti. Ulikuwa na joto la mwili wake. Aliutazama, na alipoinua macho kutafuta uso wa Aloo, alikutana kwanza na ule wa Mbuthia. Mbuthia hakuwa anacheka. Hakuwa na ushindi wowote usoni. Alikuwa anamhurumia, na hilo Priscah hakuliweza. Lile neno kooni likageuka.

Akausukuma ufunguo juu ya meza mpaka ukagota kwenye mkono wa yule wa kalamu tatu.

"Ufunguo chukua," alisema. "Lakini namba yako siifungui."

Dkt. Aloo, ambaye bado alikuwa na simu sikioni, akaikata.